Mashine za gemu: nani analipia tofauti?

Najua nimepotea. Test zilibana, halafu boom likakata mapema, kwa hiyo hata bando ilikuwa ya kuhesabu. Sasa nimepumua kidogo.

Leo siandiki habari za hosteli wala foleni ya kafeteria. Wiki iliyopita kwenye semina ya historia ya uchumi tulipewa swali: chagua bidhaa moja ya kiwandani uonyeshe bei yake iliamuliwaje. Wenzangu wakakimbilia katani, pamba na kahawa, si unajua tena watu wa historia. Mimi nikachagua mashine za gemu. Darasa likacheka, mwalimu akasema endelea. Nimesoma mpaka nikasahau kula, kwa hiyo naomba nimwage hapa nilichokipata, kwa lugha yetu ya kawaida.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi tunadhani kampuni inatengeneza kwanza mashine kali kadiri inavyoweza, halafu mwishoni inakaa chini kupiga hesabu ya bei. Kumbe kwa nyingi zilizofanikiwa ilikuwa kinyume: bei ilikuja kwanza, mashine ikabanwa mpaka iingie humo. Na pale nguvu ilipozidi bei, ile tofauti haikuyeyuka hewani. Kuna mtu aliilipa.

Tuanze Japani, mwezi Julai 1983. Nintendo walitoa mashine inaitwa Famicom kwa yeni 14,800. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimtaka mhandisi wake Masayuki Uemura atengeneze kitu cha bei ambayo washindani wasingeweza kuifikia haraka. Hebu fikiria unapewa kazi ya namna hiyo! Uemura akaanza kukata. Kibodi hamna. Pedi zikaunganishwa moja kwa moja kwenye mashine, huwezi kuzichomoa, maana hata tundu la kuchomekea ni gharama. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2, yaani herufi kama 2,000 hivi, ukurasa mmoja tu wa nondo zetu. Prosesa ilitengenezwa na Ricoh, kwa msingi wa chipu ya 6502 ambayo ilikuwepo sokoni tangu miaka ya 1970. Ili Ricoh wakubali kushusha bei, Nintendo waliwaahidi oda ya chipu milioni 3. Wakati huo hata gemu yenyewe haijaanza kuuzwa, watu walidhani mzee amechanganyikiwa.

Lakini Uemura aliacha mlango mmoja wazi, nao ni tundu la kaseti. Kaseti ya gemu iliweza kubeba chipu zake za ziada. Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988, kwa mfano, ina chipu ndani ya kaseti inayoisaidia mashine kufanya mambo ambayo peke yake isingeyaweza. Umeona ujanja? Mashine imebaki rahisi, na nguvu iliyoongezeka inalipiwa na yule anayenunua gemu, kidogo kidogo.

Hapa niingize jambo la nyumbani. Kama ulikuwa mtoto hapa kwetu, bila shaka umeziona zile mashine za Kichina za kuchomeka kwenye TV, zenye kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999, ukizihesabu unakuta ni kama saba zinajirudia. Kwa mjomba ilikuwepo moja, tuligombania pedi mpaka waya ukakatika. Ile ilikuwa nakala ya Famicom. Mashine ilikuwa rahisi kiasi kwamba baadaye viwanda vya Asia viliweza kuibana yote ndani ya chipu moja na kuiuza kwa bei ya kandambili. Nintendo hawakupata hata senti, lakini sisi tukamjua Mario.

Sasa mtu ninayempenda kuliko wote kwenye hadithi hii, Gunpei Yokoi. Aliajiriwa Nintendo mwaka 1965, enzi hizo kampuni inatengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwanda. Fundi tu. Siku moja Yamauchi akamkuta na mkono wa kuchezea aliojitengenezea, unarefuka na kushika vitu. Badala ya kumfukuza akamwambia afanye bidhaa, ikatoka mwaka 1966, ikauzika vibaya sana. (Vibaya kwa maana nzuri, vijana mnanielewa.)

Yokoi alikuwa na falsafa yake ambayo kwa Kijapani inazungumzia teknolojia iliyonyauka. Kwa maneno yangu: usikimbilie chipu iliyotoka jana. Chukua ile iliyokwisha kuzoeleka, ambayo magonjwa yake yanajulikana, viwanda vingi vinaitengeneza na bei imeshaporomoka, halafu umiza kichwa kuitumia kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwaka 1980 alichukua vioo vya kikokotoo, vitu vilivyojaa sokoni baada ya Sharp na Casio kushindana mpaka bei zikaanguka, akatengeneza gemu za mfukoni za Game & Watch. Mwaka 1989 akaja na Game Boy.

Game Boy ukiitazama kwa jicho la mashindano inatia huruma. Kioo chake hakina rangi, ni vivuli vinne tu vya kijani kama majani yaliyolowa. Hakina taa, jua likizama na wewe umelala. Prosesa ni ndugu wa chipu za miaka ya 1970. Mwaka huohuo Atari walitoa Lynx, ina rangi na kioo kinawaka, mwaka uliofuata Sega wakatoa Game Gear, nayo ya rangi. Kwa nguvu, Game Boy haikuwa na la kujibu.

Ila tupige hesabu ya mfukoni. Game Boy Marekani iliuzwa dola 89.95 na gemu ya Tetris ndani ya boksi. Lynx ilikuwa karibu dola 180, Game Gear ilipofika huko mwaka 1991 ilikuwa dola 149.99. Hiyo ni siku ya kununua. Sasa siku zinazofuata: Game Boy inakula betri ndogo nne na inakwenda kama saa 15. Game Gear inakula betri sita na zinakwisha ndani ya saa 3 hadi 5, kwa sababu ile taa ya nyuma ya kioo ni mlafi. Kwa saa 15 za kucheza mwenye Game Boy ametumia betri nne, mwenye Game Gear ametumia kati ya 18 na 30. Jamani, thelathini! Hiyo si mashine tena, ni duka la betri.

Yaani ile nguvu ya rangi ilikuwa inalipiwa kila siku, na aliyelipa ni mzazi wa mtoto mwenye mashine. Mimi naamini hapo ndipo Yokoi alipowashinda, hakuangalia bei ya dukani peke yake. Game Boy pamoja na mdogo wake wa rangi wa mwaka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia kama milioni 10. Na Pokémon ilipotoka Japani mwaka 1996 ilitokea kwenye Game Boy, mashine yenye umri wa miaka saba na kioo kilekile cha majani yaliyolowa.

Msije mkasema namtukuza mtu. Mwaka 1995 falsafa hiyohiyo ilimwangusha. Virtual Boy, kifaa cha kuweka machoni, kilikuwa na rangi nyekundu tupu kwa sababu taa nyekundu ndizo zilizokuwa za bei ya chini. Dola 179.95 kwa wekundu na shingo kuuma. Kiliuzwa chini ya milioni moja, kikafutwa mwaka uliofuata. Yokoi akaondoka Nintendo mwaka 1996, akaanzisha kampuni yake, na Oktoba 1997 akafariki kwa ajali ya barabarani. Mashine yake ya mwisho, WonderSwan, ilitoka mwaka 1999 akiwa hayupo. Ilikuwa yeni 4,800 na inatumia betri moja. Moja!

Haya, turudi kwenye mashine za TV, maana huko ndiko mchezo wa pesa ulikoiva.

Mwaka 1993 Trip Hawkins, yule aliyeanzisha Electronic Arts, alikuja na wazo zuri sana kwenye karatasi. Kampuni yake ya 3DO ilisanifu mashine, ila haikutengeneza. Iliwapa leseni wengine watengeneze na kuuza, wa kwanza wakiwa Panasonic. Waundaji wa gemu walitakiwa kulipa dola 3 tu kwa kila CD, wakati Nintendo walikuwa wanatoza pesa ndefu zaidi. Watengenezaji wa gemu wakashangilia. Mashine ilikuwa na nguvu kweli, magazeti yakaisifia.

Ikaingia dukani kwa dola 699.

Kwa nini? Hapa nilikaa na kalamu usiku mzima. Panasonic hawakupata chochote kwenye gemu, zile dola 3 zilikuwa za 3DO. Faida yao ilikuwa kwenye boksi lenyewe, sasa wauze kwa hasara ili iweje? 3DO nao hawakuwa na kiwanda cha kushushia bei. Kwa hiyo hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuibeba ile tofauti, ikabaki yote mgongoni mwa mteja. Na mteja akaangalia, akasoma ile bei, akaenda zake.

Sony walikuwa wanaangalia. Ken Kutaragi na wenzake walisanifu PlayStation, ikatoka Japani Desemba 1994. Sony ana viwanda, anatengeneza visomaji vya CD mwenyewe, na anakusanya ada kwenye kila CD ya gemu inayouzwa. Kwa hiyo anaweza kuvumilia faida nyembamba kwenye mashine, hata hasara, akijua mteja atarudi kununua gemu ya pili, ya tano, ya kumi. Nasi tunaosoma ualimu tunaijua hesabu hii: ada ya shule ndogo, michango mingi.

Kuna siku moja Los Angeles, tarehe 11 Mei 1995, ambayo ningelipa nauli kuiona. Maonyesho ya kwanza ya E3. Tom Kalinske wa Sega Marekani alisimama akatangaza kwamba Saturn haisubiriwi tena, iko tayari kwenye baadhi ya maduka siku hiyohiyo, kwa dola 399. Wenye maduka yasiyopewa mzigo walinuna vibaya. Baadaye siku ileile zamu ya Sony ikafika, Steve Race akaitwa jukwaani. Akafika kwenye kipaza sauti, akataja namba: 299. Akarudi kukaa. Ukumbi ukalipuka.

Ile dola 100 watu huisimulia kama mbwembwe, lakini ilikuwa imo ndani ya mashine tangu zamani. Saturn ilikuwa na prosesa kuu mbili za Hitachi na rundo la chipu nyingine pembeni. Ilikuwa na nguvu, hasa kwa picha bapa, lakini ilikuwa ngumu kwa waandishi wa programu na ngumu kuipunguza gharama. PlayStation ilikuwa na muundo mwembamba zaidi, kila mwaka Sony waliweza kuunganisha chipu, kupunguza sehemu na kushusha bei. Dola 199 mwezi Mei 1996, dola 149 mwaka 1997, na ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000 dola 99. Sega akijaribu kumfuata kila hatua anatoka damu. PlayStation zikauzwa zaidi ya milioni 102, Saturn haikufika milioni 10.

PS2 nitapita haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi. Ilitoka Machi 2000, inacheza DVD, kwa hiyo familia nyingi ziliinunua kama deki ya DVD yenye gemu juu. Zaidi ya milioni 155. Na hapa kwetu ndiyo iliyojenga vibanda vya gemu: TV mbili tatu, benchi, Winning Eleven, unalipia kwa mechi. Ila kumbukeni ile hesabu ya Sony, faida iko kwenye gemu. Mashine za vibandani zilifungwa kachipu, CD zikawa za kunakili. Maana yake ile hesabu iliyopigwa Tokyo ilipofika uswahilini ilikatika katikati. Sisi tulifaidi bei ya mashine iliyopangwa ili watu wanunue gemu, gemu zenyewe hatukununua. Sisemi ni sawa au si sawa, nasema ndivyo ilivyokuwa, na sijui kama kizazi chetu kingegusa pedi kwa njia nyingine.

Halafu ukaja mwaka 2006, na hapa Sony wakafanya kama wamesahau ukumbi wa Los Angeles. PS3 ilibeba prosesa mpya ya Cell, waliyoitengeneza pamoja na IBM na Toshiba, ikabeba kisomaji cha Blu-ray wakati hicho kitu bado ni ghali kama dhahabu, na zile za mwanzo zilibeba hata chipu za PS2 ndani ili zicheze gemu za zamani. Bei, dola 499 kwa ndogo na 599 kwa kubwa. Watu wakapiga kelele kwamba ni ghali. Sasa sikieni: kampuni ya utafiti iSuppli ilifungua mashine moja moja, ikajumlisha gharama za vipuri, ikapata zaidi ya dola 800 kwa kila moja ya hizo mbili. Yaani mteja anaona ameibiwa, muuzaji naye anapoteza dola 200 na zaidi kila boksi likitoka. Wote wawili wanalia!

Aliyecheka ni jeshi. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani ilinunua PS3 zaidi ya 1,700, ikaziunganisha zikawa kompyuta moja kubwa, ikazinduliwa mwaka 2010. Walifanya hivyo kwa sababu nguvu ile kwa bei ile hawakuipata kwingine. Na jeshi halinunui gemu. Kila PS3 iliyouzwa kwa hasara halafu ikaenda kufanya kazi bila kununuliwa hata gemu moja ilikuwa zawadi kutoka kwa Sony. Mwaka huohuo Sony walifuta uwezo wa kuweka mfumo mwingine kwenye PS3. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya usalama.

Washindani wao? Microsoft walitangulia mwaka 2005 na Xbox 360, dola 299 na 399, nzuri kwa macho. Lakini mashine nyingi zikaanza kufa, taa tatu nyekundu zinawaka mbele na mchezo umekwisha. Julai 2007 Microsoft wakatangaza kuongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu, wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Kuwahi sokoni kwa bei ile kulikuja na risiti yake baadaye.

Nintendo wakamfufua Yokoi. Wii, dola 249.99, prosesa yake ni mtoto wa ile ya GameCube ya mwaka 2001, picha zake hazikufika hata kiwango cha HD ambacho wenzake wote walikuwa nacho. Ila ukishika rimoti na kuzungusha mkono, bibi na mjukuu wanacheza tenisi sebuleni. Tena waliuza kwa faida tangu siku ya kwanza. Zaidi ya milioni 101. PS3 ilipambana, ikashushwa hadi dola 299 mwaka 2009, ikaishia milioni 87.

Na hao Nintendo wakalewa. Mwaka 2011 wakatoa 3DS kwa dola 249.99 kwa mashine ya mkononi, haikuuzika, ndani ya miezi kama mitano wakaishusha hadi 169.99. Rais wao wakati huo, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Katika kusoma kwangu kote huyu ndiye bosi niliyemkuta akilipia sehemu ya tofauti kwa mfuko wake mwenyewe, namheshimu.

Sasa niwaambie kilichonikosesha usingizi. Tangu 1983 kanuni ilikuwa moja: subiri, itashuka. PlayStation ya kwanza ilitoka dola 299 hadi 99 ndani ya miaka mitano. PS5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa dola 499 yenye kisomaji cha diski. Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, Marekani ikapandishwa kuwa dola 549. Imepanda! PS5 Pro iliingia Novemba 2024 kwa dola 699, bila kisomaji cha diski, namba ileile ya 3DO. Haki itendeke lakini, dola 699 za mwaka 1993 ni zaidi ya mara mbili ya hizo kwa thamani ya mwaka 2024, kwa hiyo 3DO bado ndiye bingwa wa ughali. Sababu zinazotajwa ni ushuru na hali ya uchumi, lakini kuna nyingine ya kiufundi: kuzidisha udogo wa chipu hakushushi tena gharama kama zamani. Ile ngazi aliyoshukia PlayStation, kila mwaka kipandio kimoja, vipandio vyake vimeng'oka.

Nilimpelekea hesabu hii mwenye kibanda nyuma ya hosteli yetu. Ana PS3 mbili na PS4 moja, mechi ni shilingi 500 na anayefungwa ndiye analipa. Kwa dola moja kama shilingi 2,500, PS5 ya dola 549 ni shilingi milioni 1 na laki 3 na ushee, yaani mechi 2,745, kabla hujaweka usafirishaji, ushuru, umeme wala pedi ya pili. Akaniuliza mechi 2,745 ni siku ngapi. Tukapiga kwa mechi 40 kwa siku, ikaja siku 69 bila yeye kula wala kulipa pango. Akasema anatafuta PS4 nyingine ya mtumba.